Nyumba Inapopikwa Kutoka Juu

Wakorea wamelala juu ya sakafu ya moto kwa karne nyingi. Jiko linawashwa upande mmoja wa nyumba, moshi unapitishwa kwenye mifereji iliyochimbwa chini ya mawe ya sakafu, na unapotokea upande wa pili umeshaacha joto lake ndani. Mfumo huo wanauita ondol. Warumi nao walikuwa na wa kwao, na siku hizi nyumba nyingi za Ujerumani, Denmark na Uingereza zimetandazwa mabomba ya maji ya uvuguvugu chini ya vigae. Wenye nyumba hizo hawaishi kubishana: maji yawe ya nyuzi ngapi, mfumo uzimwe usiku au uachwe, zulia litandikwe au likunjwe. Mafundi wao huwa na jibu moja ambalo halimfurahishi mtu mwenye haraka. Kabla ya kugusa swichi, ziba kwanza pale joto linapopotelea.

Bagamoyo haina haja ya bomba chini ya sakafu. Ina bati juu ya kichwa.

Barabara ya kutoka Tegeta kwenda Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga imezungukwa na mapaa mapya, na mengi ni bati la msauzi la rangi nzito: damu ya mzee, bluu iliyokoza, kijivu cha mkaa. Yanapendeza kwenye picha. Lakini bati la rangi nzito likipigwa na jua la saa saba mchana linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na joto hilo halibaki huko juu. Bati linamimina mionzi ya joto kwenye nafasi iliyo chini yake, silingi ya jipsamu inaipokea, inapata moto yenyewe, kisha inaimimina kwa aliyekaa sebuleni. Ndiyo sababu mtu anaweza kukaa chini ya pangaboi linalozunguka kwa kasi ya mwisho na bado utosi ukamuwaka. Pangaboi husukuma hewa. Mionzi haisukumwi.

Jiografia nayo inaongeza chumvi. Bagamoyo ipo nyuzi sita na ushei kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba. Hata adhuhuri ya Juni, wakati jua limehamia kaskazini, bado linasimama juu sana angani. Maana yake ni kwamba kuta za kaskazini na kusini hapa hazisumbui. Upenu wa wastani tu unazifunika. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa ubavuni, asubuhi na alasiri, jua likiwa chini kiasi cha kupita chini ya upenu. Na paa linapigwa mchana kutwa, mwaka mzima, bila likizo.

Fedha nyingi zinazoteketea kwenye viyoyozi vya ukanda huu, basi, zinalipia kosa lililofanywa siku ya kupaua. Mtu ananunua mashine ya kuondoa joto ambalo yeye mwenyewe amelikaribisha, halafu anaitafuta siri ya kupunguza matumizi kwenye rimoti.

Hesabu ya LUKU, umeme unaolipiwa kabla, inasema waziwazi. Kwa bei ambazo mdhibiti wa nishati, EWURA, aliziidhinisha mwaka 2016, mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti, na baada ya VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na EWURA asilimia 1, uniti hiyo inafika kama shilingi 356. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000, kile ambacho wengi hufunga chumbani, hula takriban kilowati moja na kidogo kompresa inapofanya kazi. Kompresa ikifanya kazi zaidi ya nusu ya muda, usiku wa saa nane unakula kama uniti tano. Hizo ni shilingi 1,780. Kwa mwezi ni uniti 150, zaidi ya shilingi elfu hamsini, kwa chumba kimoja, kabla jokofu halijaunguruma wala pasi haijawashwa. Pangaboi la wati 60 kwa saa hizo hizo nane halifiki hata nusu uniti. Mwezi mzima linazunguka kwa shilingi elfu tano na ushei.

Kwa kaya ya kundi la D1 maumivu ni makubwa zaidi. Kundi hilo limewekwa kwa ajili ya mtumiaji mdogo: uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya makato, na kila uniti inayozidi hapo inaruka hadi 350. Familia yenye taa, televisheni, simu za kuchaji na mapangaboi mawili inaweza kukaa ndani ya uniti 75 bila kujibana sana. Kiyoyozi kimoja kinavunja ukuta huo kabla mwezi haujafika katikati.

Wapo wanaosema hayo ni maneno ya zamani, kwamba umeme sasa upo. Ni kweli kwamba mgao wa mwishoni mwa 2023 ulipungua makali baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji kuanza kazi Februari 2024, na kwamba bwawa hilo lenye mitambo tisa limejengwa kwa megawati 2,115. Lakini wingi wa maji Rufiji haupunguzi uniti zinazohesabiwa na mita ya mtu wa Kiharaka.

Wajenzi wa zamani wa Bagamoyo hawakuwa na mita, na bado walijua joto linaingilia wapi. Nyumba za mawe za Mtaa wa India zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zake zikikaribia nusu mita kwa unene. Vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazoshika dari haziwezi kuvuka upana wa zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda, lakini dari lenyewe liliwekwa juu, mbali na kichwa. Ukuta mnene namna hiyo hupokea joto la mchana polepole sana, kiasi kwamba adhuhuri chumba cha ndani kinakuwa na nafuu ambayo chumba cha tofali la inchi sita hakiijui. Boma la Wajerumani, lililojengwa 1897, miaka sita baada ya makao makuu ya koloni kuhamishiwa Dar es Salaam, lilizungushiwa veranda ili jua lisiguse ukuta wa vyumba. Mwaka huo huo hospitali ya Ocean Road ilipata veranda zake pale Dar es Salaam, kwa sababu ile ile.

Isisemwe hata hivyo kwamba wazee walikuwa wamemaliza kila kitu. Ukuta wa mawe unaochelewa kupokea joto unachelewa pia kuliachia, na saa ambazo unaliachia ni zile za jioni na usiku, watu wanapotaka kulala. Baraza la mbele ya nyumba za pwani halikuwa pambo la maongezi peke yake. Baada ya isha, huko nje ndiko kulikokuwa na hewa. Na anayekarabati nyumba hizo leo kwa kupiga lipu ya saruji juu ya matumbawe anaharibu zaidi, maana chokaa hupitisha unyevu uende zake na saruji huufungia ndani ya ukuta.

Iliyoisoma vizuri zaidi hali ya hewa ya hapa, kwa maoni ya mwandishi huyu, ilikuwa nyumba ya mtu wa kawaida. Kuta za miti na udongo hazihifadhi joto jingi, kwa hiyo jua likizama nazo zinapoa. Ukumbi unakata nyumba kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na upepo unaoingia mbele unatokea nyuma. Jiko lipo uani, kwa hiyo moto wa maharage hauingii chumbani. Juu kuna makuti, ambayo hayapitishi joto kirahisi na yenyewe yanapumua.

Makuti yana shida zake na si haki kuzificha. Yanavuja yakichakaa, yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, panya wanayapenda, na cheche moja inatosha. Mtu anayelala chini ya vigae hana mamlaka ya kumwambia mwanakijiji wa Kaole arudi kwenye makuti. Lakini inachekesha kidogo kwamba hoteli za ufukweni Bagamoyo zinaezekea migahawa yake makuti ili mgeni kutoka Ulaya apumzike kwa raha, huku mfanyakazi anayemhudumia mgeni huyo akiweka akiba anunue bati la rangi ya damu ya mzee.

Kosa halipo kwenye bati. Bati linazuia mvua ya masika, halishiki moto, na linakinga maji safi ya kutega kwenye tenki. Kosa lipo kwenye rangi yake na kwenye kinachofuata chini yake, ambacho mara nyingi ni utupu uliofungwa pande zote.

Anza na rangi. Bati jeupe hurudisha angani zaidi ya theluthi mbili ya jua linalolipiga. Bati la rangi nzito hurudisha chini ya theluthi. Bati la fedha lisilopakwa rangi liko katikati kwa namna ya kudanganya: likiwa jipya linang'aa na kurudisha jua vizuri, ila joto dogo linaloingia linashindwa kutoka, maana chuma kinachong'aa hakimwagi mionzi kirahisi. Halafu upepo wa chumvi unalifubaza mapema, na faida ile ya kung'aa inakwisha. Anayepaua leo na anayepiga rangi bati kuukuu wanaweza kuchagua nyeupe au krimu bila kuongeza gharama ya maana. Kinachowazuia wengi ni macho ya watu. Jirani atasema paa limekaa kama la zahanati. Vumbi na ukungu vitalishika, na baada ya miaka kadhaa litataka kuoshwa au kupakwa tena. Hiyo ni kazi ya wikiendi moja.

Nafasi iliyo kati ya bati na silingi inataka mambo mawili. La kwanza ni mlango wa hewa: matundu chini ya upenu na mengine juu, kwenye ukuta wa pembetatu unaobeba mgongo wa paa, yote yakiwa na wavu wa kuzuia popo. Hewa ya moto hupanda yenyewe na kutoka, ilimradi kuna pa kutokea. La pili ni karatasi ya alumini iliyofungwa chini ya bati kwenye kenchi, uso wake unaong'aa ukitazama chini na ukiachiwa nafasi ya hewa. Uso huo hautoi mionzi mingi, kwa hiyo silingi haipokei kipigo kile. Ikitandikwa juu ya silingi ikitazama juu itafanya kazi mwanzoni, kisha vumbi litaifunika. Ikibanwa kati ya vitu viwili bila nafasi ya hewa, joto linapita kwa kugusana na fedha imepotea. Mafundi wengi wa paa wanaijua karatasi hiyo lakini hawaitaji mpaka waulizwe, kwa kuwa haionekani mtu akishaingia ndani, na mteja hulipia kinachoonekana.

Kisha madirisha. Dirisha la alumini la kusukuma, ambalo limekuwa alama ya nyumba ya kisasa kuanzia Mbweni hadi mjini Bagamoyo, hufunguka nusu tu. Kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya mwenzake. Ukiongeza wavu wa mbu, grili na pazia zito la tabaka mbili, upepo wa bahari unaofika dirishani ukiwa na nguvu unaingia chumbani umechoka. Madirisha ya vioo vya kupangana ya nyumba za serikali za zamani, yale yanayochekwa kwa ushamba, hufunguka karibu yote. Chumba chenye dirisha moja kwenye ukuta mmoja hakina upepo hata dirisha liwe kubwa kiasi gani, maana hewa haiingii mahali isipoweza kutokea. Vyumba vya ‘master’ vimejaa kosa hili: dirisha upande mmoja, choo upande wa pili, mlango umefungwa kwa faragha. Tundu la hewa juu ya mlango, lililokuwa la kawaida kwenye nyumba za miaka ya nyuma, lingemaliza nusu ya tatizo.

Bahati nzuri ya pwani hii ni kwamba pepo zake na jua lake vinakubaliana. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hufuata kutoka kusini na kusini mashariki. Nyumba iliyonyooshwa mashariki hadi magharibi, ikiwa na madirisha makubwa kaskazini na kusini, hupokea pepo zote mbili na kukwepa jua la ubavuni. Ukuta wa magharibi upewe choo, stoo au mwembe. Anayelaza watoto kwenye chumba cha magharibi atagundua kwamba tofali lililopigwa na jua la saa kumi jioni linatoa joto lake ndani saa tatu au nne usiku, wakati wa kulala kabisa. Viwanja vilivyopimwa haviruhusu kila mara mwelekeo huu, ni kweli, lakini mara nyingi hakuna aliyeuliza. Ramani ya nyumba imenunuliwa mtandaoni na ikageuzwa tu itazame barabara.

Wasomaji wa pwani watakuwa wameshauliza: na mbu?

Swali ni zito, kwa sababu upenu ulio wazi unaopitisha hewa ndio huo huo ambao mbu wa malaria huutumia kuingia. Kwa miaka mingi ushauri wa afya ulikuwa kuziba upenu, na nyumba zilizozibwa chini ya bati zikawa za moto, na chumba kikiwa cha moto mtu hataki kulala ndani ya chandarua. Taasisi ya Afya Ifakara, yenye kituo chake cha utafiti hapa hapa Bagamoyo, ni miongoni mwa waliochunguza malaria kwa miongo, zikiwemo chanjo. Jibu la upande wa nyumba lilijaribiwa kaskazini zaidi, kijiji cha Magoda wilayani Muheza mkoani Tanga, ambako nyumba sita za mfano zilijengwa na wasanifu kutoka Denmark wakishirikiana na watafiti wa malaria. Kuta zilipitisha hewa kupitia mianzi, mbao au nyavu za kivuli. Madirisha, milango na upenu viliwekewa wavu. Baadhi ya nyumba ziliinua vyumba vya kulala ghorofani. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha nyumba hizo zikiwa na nafuu ya nyuzi mbili na kidogo kuliko nyumba za kawaida za kijijini, na mbu wakipungua sana, hasa kwenye zile za ghorofa. Kazi hiyo ilizaa mradi mkubwa zaidi mkoani Mtwara, wa nyumba 110.

Magoda imefuta ule ubishi wa kuchagua kati ya joto na mbu. Ukuta unaweza kupitisha hewa na kumzuia mdudu kwa wakati mmoja, kwa wavu wa kawaida tu. Matofali ya matundu yanayofyatuliwa kando ya barabara hii, yakiwekewa wavu kwa ndani, yanafanya kazi hiyo hiyo kwa nyumba ya mjini. Tatizo ni kwamba yamekuwa urembo wa ukuta wa uzio badala ya kuingia kwenye ukuta wa chumba.

Kuna usiku wa Februari ambao hakuna upepo, nguo zinagandamana na ngozi, na hata nyumba iliyojengwa kwa akili haitoshi. Mzee mwenye shinikizo la damu, mama aliyejifungua, mtu anayefanya kazi za usiku na analazimika kulala mchana: hawa wanahitaji kiyoyozi, na haina maana kuwahubiria. Kinachowafaa ni kujua mashine hiyo inafanya nini hasa.

Kwenye pwani yenye unyevu mwingi, kiyoyozi kina kazi mbili. Kinapunguza joto la hewa, na kinakamua maji kutoka kwenye hewa hiyo. Ndiyo maji yanayodondoka kwenye bomba lake nje ya ukuta. Kukamua maji kunakula umeme mwingi. Mlango ulioachwa wazi kidogo au dirisha lisilofunga vizuri linaingiza hewa ya bahari yenye unyevu mfululizo, na mashine inabaki kazini usiku kucha ikikausha kinachorudi. Kwa hiyo chumba chenye kiyoyozi kiwe kidogo, kifungwe sawasawa, na kiwe kimoja. Sebule iliyounganishwa na jiko na ngazi haipozwi, inalipiwa tu.

Ukubwa wa mashine nao unapotosha watu. Muuzaji anapendekeza BTU 18,000 kwa chumba cha kawaida ‘ili kiwahi kupoa’. Kinawahi kweli, na mashine inajizima kabla haijakamua maji ya kutosha, halafu chumba kinakuwa baridi na kimelowa, hali ambayo humfanya mtu ashushe nyuzi zaidi akitafuta nafuu asiyoipata. Mashine inayolingana na chumba, hasa ya inveta inayopunguza kasi ya kompresa badala ya kuwaka na kuzima, inakausha vizuri zaidi na kula kidogo.

Nyuzi 16 kwenye rimoti haziharakishi kitu kwenye mashine ya kawaida. Kompresa ina kasi ile ile, tofauti ni kwamba haitasimama. Wasimamizi wa matumizi bora ya nishati wa India walikadiria kwamba kila nyuzi moja inayopandishwa huokoa kama asilimia 6 ya umeme, na kuanzia Januari 2020 serikali yao ilielekeza viyoyozi vya vyumbani vitoke kiwandani vikiwa vimepangwa nyuzi 24. Japani ilikwenda mbali zaidi: tangu 2005 ofisi zake zimehimizwa kuweka nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na wafanyakazi wavue tai. Kwa chumba cha Bagamoyo, nyuzi 26 pamoja na pangaboi la kasi ndogo zinatosha watu wengi, kwa sababu upepo unaopita kwenye ngozi hufanya mwili uhisi nafuu ya nyuzi mbili au tatu bila hewa yenyewe kupoa. Alfajiri, upepo wa nchi kavu unapoanza kwenda baharini, kipima muda kiwe kimeshaizima mashine na dirisha lifunguliwe.

Na gesi. Sentensi inayowagharimu zaidi wenye viyoyozi katika ukanda huu ni ile ya fundi aliyeshuka kwenye ngazi: “Bosi, gesi imeisha.” Gesi ya kiyoyozi haitumiki kama mkaa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mashine nzima ikiwa salama inaweza kukaa miaka na gesi ile ile. Ikipungua, inavuja mahali, na karibu na bahari mahali hapo mara nyingi ni mabomba na mapezi ya kifaa cha nje yaliyoliwa na chumvi. Kujaza kila mwaka bila kutafuta tundu ni kutupa fedha hewani, na nyingi ya gesi hizo zikitoka huongeza joto la dunia mara mamia kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksidi. Kifaa cha nje kikioshwa kwa maji baridi mara kwa mara, kikikaa kivulini chenye nafasi ya kupumua, na chujio la ndani likisafishwa kila baada ya wiki chache, safari za fundi zinapungua zenyewe.

Vipi kuhusu kuigeuza ile sakafu ya Wakorea, ipitishwe maji baridi? Imefanyika. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi wa Bangkok, uliofunguliwa 2006, una sakafu iliyotandazwa mabomba ya maji ya kupoza, katika mji wenye unyevu unaofanana na wa hapa. Lakini pale hewa inakaushwa kwanza kwa mitambo mikubwa. Kwenye nyumba ya Zinga yenye madirisha wazi, unyevu wa Februari huanza kugeuka maji kwenye kitu chochote chenye nyuzi 24 au 25. Sakafu ya maji baridi ingetoa jasho na wenye nyumba wangeteleza kuelekea sebuleni.

Iliyopo tayari inatosha. Sakafu ya saruji au tarazo iliyomwagwa juu ya ardhi hubaki na nafuu kuliko hewa ya mchana, kwa kuwa udongo wa chini yake haufuati jua la kila siku. Ndiyo maana bibi hutandika mkeka chini baada ya chakula cha mchana huku kochi la ngozi bandia likibaki tupu. Ubishi wa zulia wa kule Ulaya una jibu lile lile hapa: zulia nene huzuia sakafu kufanya kazi yake, iwe ya kupasha au ya kupoza. Kuanzia Novemba hadi Aprili likunjwe.

Nje, uwanja uliofunikwa pevingi zote hadi kwenye geti hupata moto na kuurudisha kwenye kuta na madirisha. Ukanda wa nyasi wa mita mbili kuzunguka nyumba na mkungu mmoja upande wa magharibi vinabadilisha hewa inayoingia ndani, ingawa mkungu unadondosha majani na mtu atalazimika kufagia.

Haya yote yanamhusu mwenye nyumba. Lakini wengi kando ya barabara hii ni wapangaji, na hapo ndipo mambo yanapopinda. Anayechagua rangi ya bati, aina ya dirisha na kama kutakuwa na karatasi ya alumini ni mmoja. Anayenunua uniti ni mwingine. Mwenye nyumba ya kupangisha hapati hata senti akitumia fedha kwenye paa jeupe, na mpangaji hawezi kubadilisha paa lisilo lake. Halmashauri inayotoa kibali cha ujenzi ndiyo pekee yenye nafasi ya kuingia kati ya hao wawili, kwa kudai mambo machache kwenye ramani kabla ya muhuri: dirisha kwenye kuta mbili za kila chumba cha kulala au tundu la hewa juu ya mlango, matundu kwenye paa, na upenu unaofunika dirisha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kifaa kutoka nje ya nchi.

Mpaka hapo, mpangaji ana silaha ndogo. Madalali hupenda kuonyesha nyumba asubuhi, wakati kila nyumba ni nzuri. Anayetakiwa kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo aombe kuingia saa tisa alasiri, aanzie chumba cha magharibi, anyooshe mkono kuelekea silingi ahisi kinachoshuka, kisha aulize mita iko kwenye D1 au T1.